Doa Limekataa Kuisha? Venye Ugonjwa Nadra wa Ngozi Hupatikana, na Kenye Simu Yako Haiwezi Kuona

Uliza wasee kumi mtaani Bob Marley alikufa na nini, utapata majibu kumi. Mmoja atasema ni bangi, mwingine ni majasusi wa Marekani, mwingine atakuletea stori ya kiatu chenye sumu. Ukweli ulikuwa kwa kidole cha mguu. Mwaka wa 1977 alikuwa na kidonda chini ya kucha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, na ju jamaa alipenda boli kufa, ilionekana tu ni jeraha la uwanjani. Kumbe ilikuwa melanoma, kansa ya ngozi, ile aina hutokea kwa mikono na miguu na huitwa melanoma ya akrali. Alishauriwa kidole kikatwe, akakataa, akafanyiwa upasuaji mdogo wa kutoa kucha na nyama ya chini yake. Kansa ilisambaa hadi ubongoni. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Hiyo aina ya melanoma haina stori na jua. Hupenda mahali ngozi haina rangi nyingi: unyayo, kiganja, chini ya kucha. Kwa jumla melanoma ni nadra sana kwa watu weusi, lakini ikitupata, mara nyingi ni hii. Na ju ni nadra, hakuna mtu huifikiria. Msee anaona alama nyeusi kwa unyayo, anajiambia ni mwiba ama ni kiatu kimembana. Anaenda zahanati, anapewa dawa ya kuua viini. Doa haliendi. Anarudi kemisti, anapewa ingine. Miezi inakatika hivyo, na kansa haingoji.

Magonjwa mengi nadra ya ngozi yana dawa, na mengine dawa yake ni ya bure kabisa. Kenye huua watu ama kuwaacha na ulemavu ni ule muda wote ugonjwa unaishi ukiitwa jina la ugonjwa mwingine wa kawaida. Sasa wengi wetu tuna simu yenye kamera kali mfukoni, kuna programu zinajidai kusoma ngozi, na kuna zile akili unde za kupiga stori nazo, unazitumia picha zinakujibu kwa sekunde tatu kama daktari bingwa. Zinasaidia? Ndio, kiasi. Lakini ujue zinakwama wapi, ju pale zinakwama ndio pale mtu mweusi mwenye ugonjwa nadra amesimama.

Kabla tuendelee, usianze kukagua kucha zako kwa hofu. Mistari myeusi ama ya kahawia kwa kucha ni kitu cha kawaida kwa watu weusi, na huongezeka na umri. Ukiwa nayo kwa kucha kadhaa na imekaa hivyo miaka, pumua. Yenye inafaa kukutoa kwa nyumba ni mstari mpya kwa kucha moja tu, unaopanuka, rangi yake haiko sawa, ama rangi imevuka kucha ikaingia kwa ngozi ya pembeni.

Vitabu vilipigwa picha za ngozi ingine

Ukisoma kuhusu ugonjwa wa ngozi kwa mtandao, neno la kwanza utapatana nalo ni wekundu. Ngozi inakuwa nyekundu, upele mwekundu, duara jekundu. Sasa jiangalie kwa kioo. Kwa ngozi nyeusi huo wekundu mara nyingi hutokea ukiwa zambarau, kijivu, kahawia iliyokolea, ama hauonekani kabisa, unasikia tu joto ukigusa. Ukurutu kwa mzungu ni mabaka mekundu. Kwetu unaweza kuwa vipele vidogo vidogo vimezunguka vinyweleo, ama ngozi imekuwa nene na nyeusi kuliko pembeni yake.

Wengi wa madaktari duniani walisoma kwa vitabu vyenye picha zake nyingi ni za ngozi nyeupe. Mwaka wa 2020 kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari pale St George's, London, anaitwa Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, alichoka kuuliza darasani "na kwa ngozi yangu inakaa aje?" Yeye na walimu wake wawili wakatengeneza kitabu kinaitwa Mind the Gap, kinachoonyesha dalili moja kwa ngozi nyeusi na kwa nyeupe. Wakakiweka kwa mtandao bure. Unaweza kukitafuta sai.

Hata kile kipimo cha rangi ya ngozi chenye hutumika dunia mzima kina historia ya aina hiyo. Kinaitwa kipimo cha Fitzpatrick, kutoka kwa daktari Thomas Fitzpatrick wa Harvard, na kilianza 1975 kwa ajili ya wazungu, kujua nani ataungua haraka akitibiwa kwa mwanga. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, namba 5 na 6. Yaani Mturkana na Mkikuyu mweupe wanaweza kuishia karibu kwa boksi moja. Mwaka wa 2022 Google ilitoa kipimo kingine chenye rangi kumi, kilichotengenezwa na profesa wa sosholojia Ellis Monk, na hicho angalau kinatutenganisha kidogo.

Mnamkumbuka Seal, yule msanii wa Uingereza mwenye makovu kwa mashavu? Kuna watu hadi leo wanaapa ni chale za kikabila. Ni lupasi ya ngozi, aina ya diskoidi. Kinga ya mwili hushambulia ngozi yenyewe na kuacha makovu, na kwa kichwa huua nywele zisirudi tena. Ukiipata mapema, unaokoa uso. Ukiipata kama imeshaitwa fangasi kwa miaka miwili, kovu hilo ni lako.

Krimu ya kuchanganyiwa

Maoni yangu, na sitabembeleza mtu: kwa hii nchi kitu kinaficha magonjwa ya ngozi kuliko ukosefu wa mashine ni ile tyubu ya soo mbili.

Sikia venye huenda. Una choa, ile ringiwomu ya duara yenye ukingo umeinuka. Mtu wa kemisti ama rafiki anakupea krimu yenye steroidi kali, klobetasoli ama betamethasoni. Siku ya pili mwasho umeisha, unafurahi. Lakini steroidi haiui fangasi, inazima tu kinga ya ngozi yako isipige kelele. Fangasi inaendelea kula raha. Ukiacha krimu inarudi kubwa zaidi, na sasa haina ule ukingo wala ile duara. Madaktari huiita tinia inkognito, yaani choa kilichovaa kinyago. Daktari akiiangalia kwa macho tu, anaweza kukosea. Programu ya simu nayo haina hata nafasi, ju ilifunzwa choa cha duara.

Ingine ni okronosisi, na hii ni ya wale wa kujichubua. Haidrokwinoni, ile dawa ya kung'arisha, ukiipaka miaka na mikaka inaweza kuanza kufanya kinyume. Mashavu na kipaji yanakuwa meusi ya kijivu na buluu, na vipele vidogo kama mayai ya samaki. Daktari Findlay na wenzake Afrika Kusini waliieleza 1975 kwa wanawake waliokuwa wakitumia krimu kali. Mtego wake ni kwamba inafanana na melazma, yale madoa ya mashavu ya ujauzito na jua, na watu wengi walianza kupaka haidrokwinoni kwa sababu ya hiyo hiyo melazma. Kwa hivyo doa likizidi, mtu anaongeza krimu. Krimu inaongeza doa. Manze hiyo ni mzunguko wa kikatili.

Kutenganisha hizo mbili, daktari hutumia lenzi ya ngozi, na akikosa uhakika anakata kipande. Chini ya darubini okronosisi huonyesha nyuzi za rangi ya njano na kahawia zilizopinda kama ndizi. Ukiziona, mjadala umeisha. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, lakini tembea tao siku yoyote uone venye marufuku inaheshimiwa.

Kwa hivyo ukienda kuona daktari wa ngozi, beba kila kitu umepaka. Kila tyubu, kila kikopo kisicho na jina, hata ile ya kuchanganyiwa na dada wa saluni. Usione aibu. Hizo tyubu ni nusu ya uchunguzi.

Doa lisilosikia sindano

Chukua ukoma. Wengi wanafikiria uliishia kwa Biblia. Hapana, Kenya bado hupata wagonjwa, wachache tu, na kwa ile sababu ya kuwa wachache daktari kijana anaweza kumaliza miaka kazini bila kuona hata mmoja. Pale Busia kuna Alupe, hospitali iliyoanza kama kituo cha wagonjwa wa ukoma, na wazee wa huko bado wanaujua kwa jina.

Ukoma mara nyingi huanza na baka lililopoteza rangi kidogo. Baka halijakuwa jeupe pepe, limefifia tu. Kwa picha linafanana na mba, linafanana na choa kilichopona, linafanana na ukavu wa uso wa watoto. Tofauti ni hii: baka la ukoma mara nyingi halisikii. Ukiligusa na pamba huku mtu amefunga macho, hajui umemgusa. Limekauka, halitoi jasho, na neva ya kiwiko, ile ukiigonga unasikia shoti, inaweza kuwa nene kama kamba.

Sasa niambie kamera gani hupiga picha ya ganzi.

Na ukijulikana mapema, hakuna drama. Dawa zake ni mchanganyiko unaotolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani, WHO, miezi 6 kwa mwenye mabaka machache na miezi 12 kwa mwenye mengi. Ukichelewa, neva zinakufa, vidole vinapinda, na hiyo haigeuzwi na dawa.

Ugonjwa mwingine wa hapa kwetu wenye huchanganya watu ni lishmania ya ngozi. Huletwa na usubi, vinzi vidogo sana. Unapata kipele kwa uso ama mkono, kinapasuka kuwa kidonda chenye kingo zilizoinuka, hakiumi sana, na hakiponi. Gilgil kule Nakuru ni moja ya maeneo yake, pale kwenye miamba na mapango wanayokaa pimbi, na Mlima Elgon ni kwingine. Mtu wa Nairobi akienda kupanda milima wikendi, akirudi na kidonda wiki nyingi baadaye, hawezi kuunganisha. Daktari wa Nairobi naye hatafikiria usubi asipojua ulienda wapi. Swali "ulisafiri wapi mwaka huu" linaweza kumpa jibu kabla hata hajashika lenzi. Baada ya hapo anakwangua ukingo wa kidonda, anaweka kwa kioo, anatafuta vimelea kwa darubini.

Na kuna mguu wa madura, ama mysetoma, hupata wachungaji na wakulima wanaotembea bila viatu maeneo makavu kama Turkana. Uvimbe usiouma, unakua polepole, halafu mashimo yanatoa usaha wenye punje kama mchanga. Ju hauumi, watu hukaa nao miaka. Zile punje, rangi yake peke yake humwambia mtaalamu kama anaanza kufikiria fangasi ama bakteria, na hiyo ni muhimu ju dawa zake ni tofauti kabisa. WHO iliuweka kwa orodha ya magonjwa yaliyosahaulika 2016 tu.

Vitu viko kwa droo ya daktari wa ngozi

Watu hufikiria teknolojia ni lazima iwe na intaneti. Kifaa kimoja cha maana sana kwa ngozi kina zaidi ya miaka 100. Ni taa ya Wood, kutoka kwa mwanafizikia Mmarekani Robert Wood aliyetengeneza chujio lake 1903. Unazima stima za chumba, unamulika ngozi na mwanga wa zambarau, unaangalia inang'aa aje. Vitiligo hung'aa nyeupe ya buluu, kama fulana nyeupe kwa klabu. Mba hutoa manjano. Kuna maambukizi ya bakteria ya kwapani na mapajani yenye hung'aa pinki ya matumbawe, na watu huyatibu kama fangasi hadi wachoke.

Hapo ndio mjue pia vitiligo si nadra venye watu hufikiria, ni vile huogopesha. Michael Jackson alimwambia Oprah 1993 kwamba anayo, nusu ya dunia ikamwita mwongo, na uchunguzi wa mwili wake 2009 ukathibitisha. Winnie Harlow naye ameingia nayo kwa majukwaa makubwa ya mitindo bila kuificha. Kwa taa ya Wood, ubishi huo wa miaka 16 ungeisha dakika mbili.

Dematoskopi ndio ile lenzi nimetaja hapo juu. Ni kioo cha kukuza chenye taa, kinaondoa mng'ao wa juu ya ngozi ili daktari aone rangi na mishipa ya ndani kidogo. Siku hizi kuna zinazobandikwa kwa kamera ya simu. Kwa unyayo, kwa mfano, alama ya kawaida huwa na rangi kwa mifereji ya zile alama za kidole, na melanoma huweka rangi kwa matuta. Kwa macho matupu huwezi kuona hiyo.

Halafu bayopsi. Ukisikia hilo jina usikimbie. Unapigwa sindano ya ganzi, kifaa kama kalamu kinatoa kipande cha milimita 3 ama 4, unashonwa uzi mmoja ama miwili, unaenda nyumbani siku hiyo hiyo. Kipande kinaenda maabara, kinakatwa vipande vyembamba, kinapakwa rangi, mtaalamu anakisoma. Kwa magonjwa mengi nadra, hii ndio korti ya mwisho. Uliza tu kipande kitapelekwa wapi na majibu yatatoka lini, na usipotee. Majibu yakikaa kwa faili bila mwenyewe hayasaidii mtu.

Shida yetu kubwa ni watu. Madaktari wa ngozi ni wachache, na wengi wamejaa Nairobi na miji mikubwa. Hospitali za rufaa kama Kenyatta na ile ya Moi kule Eldoret zina kliniki za ngozi, lakini mtu wa Mandera afike aje? Jirani zetu walilifikiria hili mapema. Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoanza 1992, kinafunza maafisa wa kliniki kutoka nchi nyingi za Afrika wawe wataalamu wa ngozi wa mashinani. Na mahali hakuna hata huyo, picha husafiri. Afisa wa kliniki anapiga picha, anaandika historia, anaituma kwa daktari bingwa aliye mbali, jibu linarudi baadaye. Hiyo inaitwa matibabu ya mbali, na kwa ngozi inafanya kazi kuliko sehemu nyingi za mwili, ju ngozi iko nje.

Madaktari wengi hufanya hiyo kwa WhatsApp. Inasaidia, sikatai. Ila una haki ya kuuliza picha yako inaenda kwa nani na itafutwa lini, hasa kama ni ya sehemu ya siri ama uso wako unaonekana.

Akili unde ilifunzwa na nani?

Mwaka wa 2017 timu ya Stanford ilitoa utafiti kwa jarida la Nature uliotikisa dunia. Waliifunza kompyuta kwa picha 129,450 za ngozi, halafu wakaishindanisha na madaktari 21 wa ngozi kutambua kansa. Ikawafikia. Vichwa vya habari vikaandika madaktari kwisha.

Halafu ikatoka stori ingine tamu. Watafiti wa hapo hapo Stanford walieleza kwamba mashine ilikuwa na tabia ya kuita kitu kansa zaidi kama picha ina rula ndani. Kwa nini? Ju daktari akishuku kansa, huweka rula kupima. Mashine haikuelewa kansa ni nini. Ilielewa tu kwamba penye rula kuna matatizo.

Hiyo ndio uelewe hizi vitu zinasoma aje. Hazijui ugonjwa. Zinajua picha zenye zilionyeshwa. Kama zilionyeshwa ngozi nyeupe nyingi, zitajua ngozi nyeupe. Mwaka wa 2022 timu ya Stanford ilikusanya picha 656 za wagonjwa 570, zote zimethibitishwa na bayopsi, za rangi zote na pamoja na magonjwa yasiyo ya kawaida. Wakazijaribu programu zilizokuwa zikisifiwa. Zilianguka vibaya kwa ngozi nyeusi na kwa magonjwa nadra. Angalia hiyo sentensi tena: nyeusi, na nadra. Habari njema ni kwamba walipozifunza upya kwa picha hizo za mchanganyiko, ile tofauti kati ya ngozi nyeusi na nyeupe ilipungua sana. Kwa hivyo shida ni shule, na shule inaweza kurekebishwa.

Na si ati madaktari wako mbali sana. Utafiti mwingine uliotoka 2024 kwa Nature Medicine uliwapa madaktari kutoka nchi 39 picha za magonjwa ya ngozi, picha tu, bila kumuuliza mgonjwa chochote. Wale wa ngozi walipata asilimia 38. Wale wa kawaida asilimia 19. Na wote walifanya vibaya kidogo zaidi kwa ngozi nyeusi. Wakipewa msaada wa akili unde, alama zilipanda, lakini kwa madaktari wa kawaida pengo kati ya ngozi nyeupe na nyeusi lilipanuka. Mimi kwa hiyo namba ya 38 nasoma kitu kimoja: picha peke yake ni ushahidi dhaifu, hata kwa macho yaliyosomea.

Kuna kitu kingine programu hizi hazikuambii. Nyingi zina orodha ya magonjwa zinayoyajua. Ukiwa na ugonjwa hauko kwa orodha, nyingine hazisemi "sijui". Zinakupea jina la karibu, na asilimia yake juu, na wewe unaamini. Zile za kupiga stori nazo ni hatari kwa njia ingine, ju zinaongea kwa ujasiri hata zikibahatisha.

Ya kuiangalia vizuri ni ile ya WHO ya magonjwa ya ngozi yaliyosahaulika. Imetengenezewa wahudumu wa afya, ina ukoma, lishmania, mysetoma na wenzao, na ilijaribiwa na wahudumu wa Kenya na Ghana. Kwa mikono ya muuguzi wa dispensari anayeweza kugusa baka na kuuliza maswali, kitu kama hicho kina maana. Kwa mikono yako peke yako usiku kitandani, ni kukupa tu presha.

Kama utapiga picha, piga hivi

Matumizi bora ya simu yako ni kuwa shahidi. Upele mwingi hubadilika, na siku ya kuona daktari ndio siku umeamua kutulia. Piga siku ya kwanza, kabla hujapaka kitu chochote. Simama karibu na dirisha mchana, zima flashi, na uzime ile modi ya urembo, ju simu nyingi zinalainisha na kung'arisha ngozi bila kukuuliza. Unatuma picha ya doa lililokuwa limefutwa na simu yenyewe.

Piga tatu: ya mbali ionyeshe ni sehemu gani ya mwili, ya katikati, na ya karibu. Weka sarafu ya shilingi 10 kando ipimike ukubwa. Piga ingine ya pembeni, mwanga ukipita juu juu, ndio ionekane kama imeinuka. Toa vipodozi. Rudia kila wiki mahali pale pale, mwanga ule ule. Halafu andika chini ya picha: ilianza lini, inawasha ama inauma ama haisikii kitu, nani mwingine kwa nyumba anayo, dawa gani umemeza miezi miwili iliyopita, umesafiri wapi. Daktari akipata hiyo, unamwokolea nusu ya kazi.

Kidonda kisichopona kwa mwezi, doa linalokua, baka lisilosikia, uvimbe wa zambarau unaoongezeka: hizo zinataka mtu wa kukushika, na kama dawa ya pili imekataa, uliza waziwazi kuhusu bayopsi.

Siku ya kuweka simu chini

Kuna moja haina muda wa picha. Umeanza dawa mpya wiki moja hadi nne hivi zilizopita. Inaweza kuwa Septrin, dawa za kifafa kama kabamazepini, dawa ya gauti alopurinoli, ama nevirapini. Unapata homa na koo kuuma, unafikiria ni mafua. Halafu ngozi inaanza kuuma kama imeungua, madoa ya zambarau na meusi yanatokea, malengelenge, midomo na mdomo wa ndani vinachubuka, macho yanawaka, kukojoa kunachoma. Huo ni ugonjwa wa Stevens-Johnson, ulioelezwa na madaktari wawili Wamarekani 1922. Ni nadra kweli, na unaua. Ngozi inaweza kubanduka kama ya mtu aliyemwagiwa maji moto, na ukipona macho yanaweza kubaki na makovu.

Usipake kitu. Usiulize mtandao. Usingoje kliniki ya Jumatatu. Acha kumeza dawa unayoshuku, nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu usiku huo huo, na ubebe pakiti ya kila dawa umekuwa ukimeza.